Baisikeli na Haki ya Njia

Katika vyombo vyote alivyovumbua mwanadamu kwa ajili ya safari, ni vichache vilivyomwachia msafiri heshima ya kujichukua mwenyewe. Farasi hutaka majani, jahazi hutaka upepo, gari la moshi hutaka makaa, na motokaa hutaka mafuta. Baisikeli haitaki kitu ila miguu ya mwenyewe na mizani ya mwili wake. Wahenga walisema kuwa mtembezi hula miguu yake. Baisikeli ilikuja ikaipa miguu ile ile mwendo wa mara tatu wa ule wa kwanza, wala isiichoshe zaidi. Kwa sababu hii chombo hiki huhesabiwa kuwa ni cha kila mtu. Lakini historia yake yaonyesha jambo jingine. Chombo kilikuwa tayari kumchukua ye yote aliyekipanda. Watu ndio waliosimama njiani wakauliza nani apande, nani ashindane, na nani ampishe mwenziwe. Kwa hiyo habari ya baisikeli si habari ya magurudumu tu. Ni habari ya haki ya njia.

Chombo cha kwanza kilikuwa cha mti na hakikuwa na pedali. Tarehe 12 Juni 1817, Karl von Drais, mtu wa Baden katika nchi ya Ujerumani, alitoka mjini Mannheim akiwa ameketi juu ya magurudumu mawili yaliyofuatana, akijisukuma kwa kupiga miguu chini kama mtu akimbiaye. Katika muda wa saa moja hivi alikuwa amekwenda na kurudi safari ya kilomita kama 7 kila upande. Baadhi ya wanahistoria hudhani kuwa njaa ya mwaka uliotangulia, ambayo iliua farasi wengi, ndiyo iliyomfanya atafute kipando kisichokula. Dhana hii ina mabishano, ila hapana mabishano juu ya jambo alilogundua: kwamba mtu aweza kusimama juu ya magurudumu mawili asianguke, maadamu anakwenda.

Miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedali katika gurudumu la mbele. Baadaye gurudumu hilo likazidi kukuzwa ili mzunguko mmoja wa mguu ulete mwendo mrefu zaidi, mpaka mpandaji akawa juu sana kwenye kiti ambacho kuanguka kwake kuliweza kuvunja shingo. Chombo cha namna hiyo kilikuwa cha vijana wenye fedha, wenye nguvu na wasioogopa mauti. Mzee, mwanamke mwenye gauni refu na mfanyakazi mwenye watoto wa kulisha hawakuwa na nafasi juu yake. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baisikeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo uliopeleka nguvu ya miguu kwenye gurudumu la nyuma. Umbo hilo ndilo lililobaki mpaka leo. Fundi wa kijijini anayeikaza minyororo chini ya mwembe katika karne hii angeitambua Rover mara moja, na pengine angeweza kuitengeneza.

Kilichobaki kilikuwa ni ugumu wa njia. Magurudumu ya chuma na ya mpira mgumu yaliutikisa mwili wa mpandaji kwa kila jiwe. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa tabibu wa wanyama mjini Belfast, alipata hati ya tairi la upepo, alilolitunga kwanza kwa ajili ya baisikeli ndogo ya mwanawe ya magurudumu matatu. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kuandikishwa na Robert Thomson mwaka 1845, likasahauliwa kwa kukosa chombo cha kulifaa. Safari hii chombo kilikuwapo. Mwaka uliofuata matairi ya upepo yalishinda katika mashindano huko Belfast, na mwaka 1891 ndugu wawili wa Michelin wa Ufaransa wakatoa tairi lililoweza kufunguliwa na kuzibwa pancha njiani. Ulaya na Marekani zikaingiwa na shauku kubwa ya baisikeli katika miaka ya 1890. Bei ikashuka, viwanda vikaongezeka, na karani na fundi wakapata kipando walichokuwa wakikiona kwa matajiri tu.

Hapa ndipo historia ya raha ya watu wengine inapokutana na historia ya machozi ya wengine. Mpira wa matairi hayo ulikuwa utomvu wa miti, na sehemu yake kubwa ulitoka katika misitu ya Amazon na ya Kongo. Lugha ya Kiswahili hulitumia neno mpira kwa mti, kwa utomvu wake na kwa kitu kichezewacho na watoto. Lakini katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885, neno hilo lilikuwa na maana nyingine. Vijiji viliwekewa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanaume walikwenda mwituni siku nyingi wakitafuta mbungo, mmea utambaao juu ya miti mirefu, waukate na kukinga utomvu wake. Wake zao walizuiliwa kama rehani mpaka mpira upatikane. Kijiji kilichopungukiwa kilipelekewa askari, na askari walidaiwa kuonyesha kuwa risasi zao hazikupotea bure. Mikono iliyokatwa ikawa ndiyo hesabu ya risasi. Katika mwaka 1904 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alitoa taarifa ya mambo aliyoyaona, na mmisionari Alice Seeley Harris akapiga picha ya baba mmoja, Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake vilivyokatwa. Kelele za watu wa namna hii, pamoja na kazi ya Edmund Morel, zilifanya Ubelgiji iichukue nchi hiyo kutoka mikononi mwa mfalme mwaka 1908.

Si haki kusema kuwa baisikeli peke yake ndiyo iliyoleta maafa hayo. Mpira ulitakiwa pia kwa nyaya za simu, kwa mitambo, na baadaye kwa motokaa. Wala si haki kusema kuwa mpandaji wa Paris au wa London aliujua msitu ulikotoka upepo laini aliouketia. Lakini tairi la baisikeli ndilo lililofungua soko kubwa la mpira kabla ya motokaa kuenea, na deni halifutiki kwa sababu mdaiwa hakulijua. Mtu wa kwanza wa Kongo kuhusika na baisikeli hakuipanda. Alilipia gurudumu lake kwa mkono wake.

Katika Ulaya kwenyewe ugomvi wa njia ulikuwa juu ya wanawake. Baisikeli ilimpa msichana uwezo wa kutoka nyumbani bila ya gari la babaye na bila ya msindikizaji, na ikamlazimu kuyaacha mavazi mazito yaliyonasa katika mnyororo. Mambo haya mawili yaliudhi wengi. Mwezi wa Mei 1897 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipiga kura kama wanawake wapewe shahada kamili. Wanafunzi wa kiume waliokuwa wakipinga walitundika juu ya njia sanamu ya mwanamke aliyepanda baisikeli, kisha kura ilipowaendea vema wakaishusha na kuirarua. Yafaa kuuliza kwa nini hawakutundika sanamu ya mwanamke mwenye kitabu, hali shahada ndiyo iliyokuwa ikigombewa. Yamkini waliona kuwa vitu viwili hivyo ni kimoja: asomaye apendalo na aendaye apendako hawezi kurudishwa jikoni kwa neno tu. Wanawake wa Cambridge walipata shahada kamili mwaka 1948.

Miaka mitatu kabla ya kura hiyo, Annie Cohen Kopchovsky, mama wa watoto watatu mjini Boston, alikuwa amekwisha kuondoka kwa safari ya kuizunguka dunia, akijiita Annie Londonderry kwa jina la kampuni ya maji iliyomlipa atangaze bidhaa yake. Alirudi Marekani mwaka 1895. Sehemu kubwa ya safari yake ilikuwa melini, na hadithi alizosimulia zilikuwa na chumvi nyingi. Hata hivyo jambo moja halikuhitaji kutiwa chumvi: mwanamke alikwenda, akarudi.

Alikuwa ametanguliwa katika safari ya namna hiyo na Thomas Stevens, ambaye alitoka San Francisco mwezi wa Aprili 1884 juu ya baisikeli ya gurudumu kubwa, akavuka Marekani, Ulaya, Uturuki, Iran na India, akamaliza Japani mwezi wa Desemba 1886. Mtu huyu ana uhusiano na pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1889 gazeti moja la New York lilimtuma kutafuta habari za Henry Stanley, naye akashuka Unguja na kuingia bara, safari hii kwa msafara wa wapagazi. Mtu aliyeizunguka dunia kwa gurudumu akaingia Afrika kwa miguu. Lakini njia za misafara, nyembamba, zenye kupita mtu nyuma ya mtu, ambazo zilikuwa hazifai kwa gari lo lote, zilikuwa zinalingana kabisa na upana wa baisikeli. Kipando kilichohitaji njia ya unyayo mmoja kilikuwa kimepata bara iliyojaa njia za namna hiyo. Kilichokosekana ni kuletwa kwa bei ya mwenye miguu.

Baadaye Mpolandi Kazimierz Nowak alilithibitisha hilo. Kati ya 1931 na 1936 alitoka Tripoli mpaka ncha ya kusini ya Afrika na kurudi mpaka Algiers, kwa baisikeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi, umbali wa kilomita kama 40,000, akipita pia Kongo, Uganda na Rwanda. Alifariki mwaka 1937, mwaka mmoja baada ya safari. Safari za namna hii huandikwa vitabuni kwa kuwa zina mwanzo na mwisho. Safari ya mchuuzi wa ndizi, ambayo haina mwisho kwa kuwa hurudiwa kila alfajiri, haiandikwi. Hata hivyo hiyo ndiyo safari iliyoifanya baisikeli kuwa chombo cha Afrika.

Ilipofika nchi hizi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20, baisikeli ilikuwa mali ya wamisionari, maofisa na machifu. Kisha ilishuka ngazi kwa ngazi: kwa karani, kwa mwalimu, kwa tarishi, na mwishowe kwa mkulima aliyeuza pamba au kahawa. Baisikeli nzito ya Kiingereza, kama Raleigh iliyotengenezwa Nottingham, ilikuwa akiba, mahari na fahari kwa pamoja. Lugha nazo zilishuhudia mapokezi hayo. Kiswahili cha pwani kilitwaa neno la Kiingereza kikasema baisikeli, Kirundi husema ikinga, Kinyarwanda igare, Kiganda eggaali. Katika Kenya baisikeli ya rangi nyeusi, imara na nzito, ilipewa jina la nyoka, ikaitwa blakimamba. Kitu kisicho na kazi hakipewi majina mengi hivyo.

Kazi kubwa kuliko zote ilizaliwa mpakani. Katika mji wa Busia, ambapo Kenya na Uganda hukutana, kati ya kituo cha mpaka cha nchi moja na cha nchi ya pili palikuwa na masafa yaliyomchosha mwenye mzigo. Tangu miaka ya 1960 vijana wenye baisikeli walitia mto laini juu ya keria, wakawaita wasafiri kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili, nalo likageuka boda boda. Neno likatoka Busia likaenea nchi nyingi, na tangu miaka ya 1990 likahamia kwa pikipiki, hata leo wengi walitumialo hawajui kuwa ndani yake kuna mpaka, na kuwa aliyelianzisha alikuwa akikanyaga pedali. Kwa baisikeli hiyo hiyo kijana asiye na shamba aliuza kitu alichokuwa nacho, yaani nguvu ya miguu, akamlisha mama na kumsomesha ndugu.

Katika milima ya Burundi waendeshaji huteremka kutoka Bugarama kuelekea Bujumbura na mizigo ya ndizi au makaa iliyo mizito kuliko wao, na wakati wa kurudi baadhi yao hushika nyuma ya malori ili wavutwe mlimani, jambo ambalo limewatoa roho wengi. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu walifanya zaidi ya kununua, walitengeneza. Chukudu, iliyoenea tangu miaka ya 1970, ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala mnyororo, kiwezacho kuchukua mamia ya kilo za viazi, kuni au saruji. Mwendeshaji hukisukuma kwa mguu mmoja katika tambarare na kukipanda katika mteremko. Aliye na jicho la historia huona kuwa chukudu ni ndugu wa chombo cha Drais: mti, magurudumu mawili, na mguu upigao ardhi. Tofauti ni kwamba kile cha Drais kilikuwa cha kuchukua mtu, na hiki ni cha kuchukua chakula cha mji. Mji wa Goma uliitambua heshima hiyo ukaisimamishia chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu.

Katika mashindano nako haki ya njia iligombewa, na huko ilionekana waziwazi zaidi kwa sababu saa haina upendeleo. Mashindano makubwa ya Ufaransa yalianzishwa na gazeti la L'Auto mwaka 1903 kwa nia ya kuuza nakala zaidi. Watu 60 walianza, 21 wakamaliza, na mshindi, Maurice Garin, alikuwa amefanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi katika ujana wake. Mchezo huu, basi, ulimruhusu maskini kushinda. Lakini haukumruhusu kila maskini. Katika Marekani chama cha waendesha baisikeli kiliwafungia watu weusi mlango wa uanachama mwaka 1894. Miaka mitano baadaye Marshall Taylor, kijana mweusi wa Indianapolis aliyejulikana kwa jina la Major Taylor, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi mjini Montreal. Alikataliwa malazi katika mahoteli na chakula katika mikahawa ya nchi yake, akasukumwa na kuzibwa na wapinzani uwanjani, naye akazidi kutangulia. Alifariki fukara mjini Chicago mwaka 1932. Chama kile kiliifuta kanuni yake mwaka 1999, miaka 67 baada ya kifo chake.

Huko Eritrea Waitalia walileta baisikeli na mashindano yake, lakini wenyeji hawakukubaliwa kushindana pamoja nao. Mwaka 1939 ruhusa ya kushindana pamoja ilipotolewa, Ghebremariam Ghebru, mwenyeji, akashinda. Mbegu hiyo ilikaa ardhini muda mrefu. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa fulana ya mfalme wa milima katika mashindano ya Ufaransa, na mwaka 2024 mwenzake wa taifa hilo, Biniam Girmay, alishinda hatua tatu za mashindano hayo na kurudi na fulana ya kijani. Kenya nayo ina sehemu yake: Chris Froome, aliyeshinda Ufaransa mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa katika ujana wake na David Kinjah, Mkenya aliyewakusanya vijana wa Kikuyu juu ya baisikeli. Froome alishindana kwa bendera ya Kenya kabla ya kuchukua ya Uingereza. Mwanafunzi alipata njia ndefu kuliko mwalimu, na hapana mwenye akili atakayesema kuwa tofauti ilikuwa katika miguu tu.

Rwanda ilifuata njia nyingine. Kikosi chake cha taifa kilianza kujengwa mwaka 2007 kwa msaada wa Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki mashindano ya Ufaransa. Miongoni mwa vijana wake alikuwamo Adrien Niyonshuti, aliyeokoka mauaji ya kimbari ya 1994, ambaye aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki za London za 2012. Kuanzia tarehe 21 mpaka 28 Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani, yaliyoanza mwaka 1921, yalifanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda upande wa wanaume na Magdeleine Vallieres wa Kanada upande wa wanawake, na watu wa Kigali walijaa kando ya vilima wakiwashangilia wageni na wenyeji kwa sauti moja.

Furaha hiyo ilikuwa ya haki, lakini haikuwa bila ya kivuli. Mwezi wa Januari mwaka huo huo Goma iliangukia katika mikono ya kundi la M23, na Bunge la Ulaya, likiituhumu Rwanda kwa kulisaidia kundi hilo, lilitaka mashindano yafutwe ikiwa mwenendo hautabadilika. Chama cha mchezo hakikuyafuta. Kwa hiyo katika mwaka mmoja ulimwengu uliitazama njia ya Kigali iliyofagiliwa kwa ajili ya baisikeli nyepesi kuliko zote, wakati ng'ambo ya mpaka wenye chukudu walichukua magodoro na masufuria ya watu waliokimbia vita. Wala vita si kitu pekee kimwondoacho mwenye gurudumu njiani. Mwezi wa Machi 2022 wakuu wa Burundi walizipiga marufuku baisikeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura, na waliokuwa wakila kwa miguu yao wakaambiwa wakae pembeni ya mji.

Mambo haya yakiwekwa pamoja, fundisho lake si gumu kulisoma. Aliyekatwa mkono kwa ajili ya mpira, msichana aliyetundikwa kwa sanamu, Taylor aliyekosa kitanda na kijana wa ndizi anayezuiwa kuingia sokoni, wote walinyimwa kitu kimoja kwa namna mbalimbali: nafasi yao katika njia ambayo nguvu zao zilisaidia kuifungua. Chombo hakikubadilika sana tangu 1885. Kilichobadilika, pale kilipobadilika, ni watu. Taifa linaloweza kufunga barabara kwa siku nane ili mabingwa wapite salama limekwisha kuonyesha kuwa lina uwezo wa kumlinda mpanda baisikeli. Linalobaki kuulizwa ni kama litautumia uwezo huo siku ya tisa, alfajiri, wakati mwenye mzigo wa makaa ateremkapo mlima peke yake na breki zake zimekwisha.